Mawe Saba Yaliyopotea kwenye Orodha

Ofisini walimwita Mama Mawe, naye hakukasirika hata siku moja. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kupaka rangi mawe ya kilomita kando ya barabara kuu, kuanzia la kwanza mbele ya posta hadi la mia moja na kumi na nane, pale linapoanza daraja la chuma. Mwili mweupe, kichwa cheusi, namba nyeusi. Akimaliza la mwisho, vumbi na mvua vimeshalichafua la kwanza, anaanza upya. Mimi nilikuwa dereva wake. Tena ni shemeji yangu, maana nimemwoa mdogo wake, kwa hiyo tulikuwa na ruhusa ya kutaniana tangu tunapowasha gari hadi tunapolizima, na ruhusa hiyo tuliitumia yote.

Asikudanganye mtu kwamba kupaka jiwe ni kazi ya mchezo. Malori yanapita nyuma ya mgongo wako kwa kishindo, upepo wake unakuvua kofia. Yeye aliketi kwenye kigoda chake, akalisugua jiwe kwa brashi ya waya, akapaka, akangoja rangi ishike, kisha akaandika namba kwa mkono mtupu, bila kibati cha kuchorea. Nane yake ilikuwa na kiuno chembamba. Dereva yeyote wa njia ile angeitambua. Mwisho alichovya kidole gumba cha kushoto kwenye rangi nyeusi na kukigandamiza nyuma ya jiwe, chini kabisa karibu na nyasi. Alifundishwa hivyo na msimamizi wa zamani: kwa wapaka mawe, kidole ndiyo sahihi. Kisha alinigeukia na kusema, "Haya, dereva wa jeneza, twende." Pikapu yetu ilikuwa mbovu kiasi hicho. Mita yake ya kuhesabia kilomita ilikufa kabla sijakabidhiwa funguo, na hakuna aliyejali kuifufua.

Kulikuwa na kipande kimoja nilichokichukia, kile cha mlimani, kutoka jiwe la arobaini hadi la hamsini na mbili. Kilomita za pale zilikuwa ndefu. Madereva wote tulisema hivyo, na wote tulikubaliana kwamba sababu ni kupanda: gari linakokota, mtu anaona safari haiishi. Pikapu ilikunywa dizeli pale kuliko popote, na afisa usafirishaji, mtu anayeshuku hata kivuli chake mwenyewe, aliniita kila mwezi kuniuliza dizeli yangu inakwenda wapi. Kilomita kumi na mbili, alisema, haziwezi kula kiasi kile. Miaka tisa nimetazamwa kama mwizi. Nalitaja jambo hilo mapema kwa sababu sijalisahau na sina mpango wa kulisahau.

Basi akaja mhandisi mpya. Kijana, viatu vinang'aa, karatasi mkononi. Alitaka kila mali ya idara iwe kwenye orodha: viti, makoleo, mapipa, na mawe. Haikupita wiki tukawa tunamwita Bwana Orodha. Akamtuma karani apite barabara nzima akiandika namba za mawe, na karani akarudi na mawe mia moja na kumi na moja. Baada ya la hamsini na mbili lilifuata la sitini. Kuanzia hamsini na tatu hadi hamsini na tisa, hakuna kitu.

Sisi tulijua kwamba namba zinaruka pale. Mama Mawe alipoanza kazi alimuuliza msimamizi wake, naye akajibu kwamba hata yeye aliyakuta hivyo hivyo, yapakwe yaliyopo. Akapaka yaliyopo. Na kila mwisho wa mwaka akaandika kwenye ripoti, kwa mwandiko wake mzuri: Mawe yote yamepakwa rangi. Bwana Orodha aliposoma ripoti ishirini na mbili zenye neno "yote", alitoa macho.

Barua ikaja siku ya Ijumaa. Ilisema Mama Mawe amesimamishwa kazi, na baada ya wiki mbili ataitwa mbele ya kamati kujibu makosa mawili: kupoteza mawe saba ya serikali, na kuandika taarifa za uongo kwa miaka ishirini na mbili. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu.

Tunaishi nyumba moja ya vyumba vinne, yeye na mama yake upande wa mbele, mimi na mke wangu upande wa nyuma. Nilimkuta mezani, barua mbele yake, ameshika tama.

"Shemeji," nikamwambia, "sema tu uliyauza, tugawane."

Nilitaka acheke. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu yule mwanamke aliwahi kucheka hata siku lori lilipomwagia tope mwili mzima.

"Kufukuzwa nitavumilia," akasema. "Lakini barua hii inasema mimi ni mwongo. Itawekwa kwenye faili langu, na mimi nitakaa hapa nyumbani, mwongo, mpaka nife. Barabara nzima ina kidole changu. Leo hicho ni kidole cha mwongo?"

Nikasema la kijinga. "Labda yaliibiwa kabla hujaajiriwa."

"Mtu aibe mawe saba yaliyofuatana, tena kwa namba, ya nini? Ajengee choo?" Alikuwa ameanza kupata moto, nami nikafurahi kuuona. Halafu akaninyoshea kidole. "Na wewe hebu niambie, hayo mawe saba yangekaa wapi? Ukiwa umeketi kwenye la hamsini na mbili, la sitini unaliona kwa macho."

Ni kweli. Nimepita pale miaka nenda rudi na sikuwahi kulifikiria. Kati ya mawe yale mawili hakuna hata nusu kilomita. Hayo mawe saba yangejipanga vipi pale, yangebebana mgongoni?

"Kesho tukapime," akasema.

Gurudumu la kupimia barabara lilikuwa stoo ya idara, na mtunza stoo asingetupa hata tungepiga magoti. Kwa hiyo asubuhi nikatoa baiskeli yangu barazani. Tukapiga chaki kwenye tairi la mbele na kwenye sakafu, tukaliviringisha mzunguko mmoja, na mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, akapima kwa utepe wake. Utepe ulipoishia aliweka kidole, akaendelea.

"Themanini na sita na nusu," akatangaza.

"Themanini na sita nini?" dada yake akauliza.

"Inchi. Kwani ulitaka nini?" Ushonaji wake wote ni wa inchi. Kiuno changu anakijua kwa inchi, na hukitangaza mbele za watu.

Mama Mawe akaugeuza utepe upande wa pili, akapima tena mwenyewe. Sentimita mia mbili na ishirini. Tairi ni lile lile, namba mbili. Aliushika utepe muda mrefu kidogo, akiugeuza huku na huku, kisha akamrudishia mwenyewe na kuniambia nitafute lori.

Rafiki yangu mmoja wa malori akatupakia, sisi na baiskeli, hadi jiwe la sitini. Tukafunga kitambaa chekundu kwenye spoki ili kila mzunguko uonekane. Yeye akasukuma, mimi nikahesabu. Kwanza tukaenda hadi jiwe la sitini na moja: mizunguko mia nne hamsini na nne na kipande. Akapiga hesabu kwenye kiganja chake kwa kalamu. Kilomita moja kamili, bila kasoro. Tukarudi nyuma hadi hamsini na mbili, tukaanza kushuka kuelekea hamsini na moja. Nilipofika mia tatu na kitu, dereva mmoja akapiga honi na kupaza sauti kuuliza kama siku hizi idara inatembelea baiskeli. Nikamjibu alivyostahili, hesabu ikanipotea. Shemeji akanirudisha hadi mwanzo kwa miguu, huku akinieleza aina ya mume ambaye mdogo wake alikuwa na nafasi ya kumpata. Mara ya pili sikumtazama mtu. Mia nne hamsini na nne ikaja, jiwe hakuna. Mia tano. Mia sita. Jiwe tulilikuta kwenye mia saba thelathini na moja na kipande. Kutoka hapo hadi la hamsini, mia saba thelathini na moja na kipande.

"Hayakukosewa," akasema, amesimama na jasho lake. "Kitu kilichokosewa hakilingani hivi."

Tulirudi nyumbani mchana tukiwa hoi. Mama mkwe wangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, akichambua maharage kwenye sinia. Kwake yeye sina utani. Nilimwamkia, nikaketi chini yake kidogo, nikaweka mikono yangu vizuri. Masikio yake yamepungua nguvu, na ana tabia moja ambayo nyumba nzima imeshindwa kuiondoa: bado anahesabu njia kwa maili. Shule yake ilikuwa maili tatu, kisima maili moja. Na kila akisema, mtu humsahihisha. Kilomita, mama. Mkali kuliko wote katika kumsahihisha alikuwa binti yake huyu mwenye mawe.

Mama Mawe alipiga hesabu pembeni mwa gazeti, akaisoma kwa sauti ili niihakiki. "Mita elfu moja mia sita na tisa. Sasa hii ni kilomita gani, shemeji?"

"Hiyo si kilomita," mama akasema, macho yamo kwenye sinia. "Hiyo ni maili."

Safari hii hakuna aliyemsahihisha.

"Mawe ya mlimani ni ya maili," akaendelea, kana kwamba anatuambia mvua inanyesha. "Ya vichwa vya mviringo. Nilikuwa nayahesabu nikienda kwa shangazi yenu kwa miguu. Nani aliwaambia yaliondolewa?"

Mama Mawe akafumba macho. Yale ya mlimani kweli yana vichwa vya mviringo, na ni jiwe la kuchongwa, wakati mengine yote ni ya saruji. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya kitambaa cha plastiki cha mezani. "Yana makovu," akasema polepole. "Kila mwaka, kama kwenye lile la hamsini na mbili, brashi inazama pale pale. Nilidhani ni changarawe zinazorushwa na malori." Kidole kikaenda kikarudi, kikaenda kikarudi, nami nikaona kinaandika tatu, kisha saba.

Nikasimama. "Nipe kisu cha rangi, nikalikwangue sasa hivi!"

"Kaa chini. Mimi nimesimamishwa. Tukikwangua sisi wataniandikia kosa la tatu, kuharibu jiwe. Watalikwangua wenyewe."

Kamati ilikuwa na watu watatu: mkuu wa idara, mama mmoja mzito wa maneno; Bwana Orodha; na yule afisa usafirishaji wangu. Mimi niliitwa kama shahidi, nikakaa mlangoni. Mama Mawe alivaa gauni lake la kazi, lile lenye madoa ya rangi, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Mawe saba yako wapi?" Bwana Orodha akauliza.

"Hayajawahi kuwepo."

"Kwa nini basi uliandika kwamba umepaka yote?"

"Kwa sababu nilipaka yote."

Afisa usafirishaji akacheka puani. Nilimwekea kinyongo kingine juu ya kile cha dizeli.

"Naomba asubuhi moja barabarani," Mama Mawe akasema, akimwangalia mkuu peke yake. "Na gurudumu la kupimia kutoka stoo. Na mhandisi alisukume kwa mikono yake, asije mtu akasema nimetia chumvi."

Mkuu akafunga faili. "Leteni gari."

Nimeona mambo mengi katika maisha yangu, lakini ile safari ya Bwana Orodha kutoka jiwe la hamsini na moja hadi la hamsini na mbili, akisukuma gurudumu mlimani na viatu vyake vinavyong'aa, nitawasimulia wajukuu. Saa ya gurudumu ilikuwa ikihesabu mita kwa mlio mdogo, tik, tik. Ilipofika elfu moja, Mama Mawe akamsimamisha.

"Mhandisi, kilomita imeishia hapa. Unaona jiwe?"

Palikuwa na nyasi na chupa tupu ya maji.

"Sioni," akasema.

"Basi endelea."

Aliendelea. Sisi tulimfuata nyuma kama watu wa arusi, mkuu wa idara akiwa ameshika pindo la gauni lake, afisa usafirishaji akihema. Tulipofika kwenye jiwe, Bwana Orodha aliitazama saa, akaigonga kwa kidole, akaitazama tena.

"Soma kwa sauti," mkuu akasema.

"Elfu moja mia sita na tisa."

Mama Mawe akatoa kisu cha rangi kwenye mfuko wa gauni na kumkabidhi, mpini mbele. "Sasa kwangua. Hapa, chini ya namba yangu. Usiogope, nitapaka tena."

Akapiga magoti. Rangi ikatoka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, nyeupe, nyeupe ya zamani, kijivu, nyeupe tena. Kama kidole chake kilikosea kule mezani, tumekwisha, na ni sisi tuliowaleta wakubwa hadi pale. Kisu kikazama kwenye mchongo. Bwana Orodha akapuliza vumbi, akasugua kwa leso yake, na namba ikajitokeza, imechimbwa kwa tindo na fundi ambaye sote hatukumjua. Thelathini na saba.

Mhandisi aligeuza karatasi yake nyuma na kupiga hesabu akiwa bado amepiga magoti. Si mjinga yule, hilo nampa. Maili thelathini na saba ni kilomita hamsini na tisa na nusu. Akainua kichwa, akaangalia mbele, na pale mbele, mwendo wa nusu kilomita, jiwe la sitini lilikuwa limesimama mahali pake panapostahili.

Nawajua watu wa idara yetu, kwa hiyo naweza kukueleza kilichotokea mwaka ule walipobadilisha maili kuwa kilomita, ingawa sikuwepo. Kikosi kimoja kilianzia posta, kingine kikaanzia darajani kikirudi nyuma hadi sitini, na ramani ilishasema jumla ni mia moja na kumi na nane. Kikosi cha posta kikafika arobaini, saruji ikaisha, mlima ukawa mbele yao na bosi anataka kazi iishe. Wakaona mawe ya zamani yamesimama pale, mazuri, imara. Jiwe ni jiwe. Wakayapaka namba zinazofuata na kwenda zao nyumbani, na nina hakika walilala usingizi mzuri.

Bwana Orodha akasimama, magoti meupe kwa vumbi la rangi. Akavua kofia. "Mama," akasema, "nimekukosea. Wewe umeandika kweli miaka yote. Orodha ndiyo iliyosema uongo."

"Barua ile nitaichana mwenyewe," mkuu akasema, "na nyingine ya kukuomba radhi itawekwa kwenye faili lako. Jumatatu uwe kazini."

Mama Mawe aliitika kwa kichwa tu, lakini nilimwona akigeuka upande na kujifuta macho kwa mgongo wa mkono, na mimi mwenyewe nikalazimika kuitazama milima. Kisha nikakumbuka.

"Na dizeli yangu je?" nikasema kwa sauti ambayo ilisikika hadi jiwe la sitini. "Zile kilomita kumi na mbili, kumbe ni kumi na tisa na nusu!"

Mkuu wa idara alicheka hadi akashika jiwe. Afisa usafirishaji alikosa pa kuuweka uso. Nilimsogelea na kusimama mbele yake mpaka akatamka neno "samahani", na kwa kuwa alilitamka ndani ya meno, nikamwomba alirudie.

Kazi ya kurekebisha kipande cha mlimani akapewa yeye, Mama Mawe, na mhandisi akawa msaidizi wake. Kati ya arobaini na sitini panahitajika mawe kumi na tisa. Yaliyokuwepo ni kumi na mawili. Kwa hiyo karakana ikaamriwa itengeneze mapya, na unajua mangapi. Bwana Orodha aliposaini hati ile alitikisa kichwa na kucheka peke yake. Mawe ya zamani yakang'olewa na kusogezwa, moja baada ya jingine, kila moja mahali pa kilomita ya kweli. Lile la hamsini na mbili pekee mkuu aliagiza liachwe mahali pake na uso wake wa kuchongwa, na jiwe la nane la saruji likaongezwa kuchukua namba yake.

Mama Mawe alipaka yale saba katika wiki yake ya mwisho kazini. Habari zilikuwa zimeshasambaa kwa madereva. Kila lori lililopita lilipiga honi, wengine walipunguza mwendo na kutoa mkono dirishani, na yeye, ambaye miaka yote alilaani malori, aliwapungia kwa brashi. Siku ya mwisho nilimleta mama yake, amekaa mbele kwenye jeneza langu kama mgeni rasmi. Tulimteremsha pale kwenye jiwe la zamani. Alipitisha vidole kwenye mchongo.

"Maili thelathini na saba," akasema.

"Ndiyo, mama," binti yake akajibu. "Maili."

Jiwe la hamsini na tisa lilikuwa la mwisho. Aliandika namba yake kwa mkono mtupu, akachovya kidole gumba, akakigandamiza nyuma karibu na nyasi. Kisha akamsogezea mhandisi kopo la rangi. "Weka na chako. Mawe haya uliyatafuta sana." Bwana Orodha akajikunja na shati lake jeupe, akaweka kidole chake kando ya cha Mama Mawe, kimepinda kidogo.

Ripoti ya mwaka aliiandikia juu ya boneti ya pikapu, kwa mwandiko wake mzuri: Mawe yote yamepakwa rangi. Akampa mhandisi. Naye akaisoma, akaomba kalamu, akatia sahihi bila kuhesabu.